Mwacheni Amalize Kusimulia

Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya meza ya daktari, akaeleza. Usiku wa kuamkia Ijumaa alizinduka akiwa amelala chali, macho yako wazi, mwanga wa taa ya ukumbini anauona chini ya mlango. Hakuweza kuinua hata kidole. Kando ya kabati palikuwa na mtu amesimama. Mtu yule akaja, akamkalia kifuani, pumzi ikawa haiingii. Alitaka kusoma Ayatul Kursiy, ulimi ukagoma.

Daktari alikuwa akiandika. Mama alipofika kwa yule mtu wa kando ya kabati, kalamu ilisimama.

"Hayo ni mawazo tu, mama. Punguza mawazo."

Akaandikiwa dawa ya maumivu ya kichwa, akaondoka. Jioni ile ile shangazi yake akampeleka kwa mganga, upande wa pili wa mji wa Lamu. Huko nako hakuachwa afike mwisho. Aliposema tu "akanikalia kifuani", mganga alikwisha kutaja kabila la jini, rangi ya kitambaa kinachotakiwa, na gharama.

Kisa hiki nimesimuliwa na mwenyewe, na ameniruhusu nikiandike bila jina lake wala la kliniki. Kimenikaa rohoni wiki kadhaa sasa. Kinachonikera si dawa aliyopewa wala kitambaa alichoambiwa akanunue. Ni kwamba watu wawili, wenye elimu mbili zisizofanana, walimkatiza mahali pale pale.

Hakuna hata mmoja aliyemuuliza analalaje.

Kukabwa kunavyotokea

Kukabwa na jinamizi ni katika mambo ya ajabu ambayo sayansi imeyachunguza sana, ndiyo maana jibu la "mawazo tu" linaniuma. Tunapoota, ubongo huzima misuli karibu yote ya mwili ili tusirushe mikono na miguu kufuata ndoto. Kinachobaki kikifanya kazi ni misuli ya macho na ule ukuta wa misuli unaotenganisha kifua na tumbo, unaovuta pumzi. Kwa kawaida fahamu na misuli huamka pamoja. Mara nyingine fahamu hutangulia. Mtu anaona chumba chake cha kweli, kabati lake la kweli, na ndoto bado haijaisha ikawa inamwagika ndani ya chumba.

Ule uzito wa kifuani una sababu yake. Misuli ya mbavu imelegea, pumzi inakwenda fupi fupi. Mtu akishtuka anataka kuvuta pumzi ndefu, na mbavu hazimtii. Anahisi amekaliwa. Hajidanganyi hata kidogo: pumzi ndefu kweli haiingii.

Mapitio ya tafiti 35 yaliyochapishwa mwaka 2011, yaliyojumuisha zaidi ya watu 36,000, yalikuta kwamba asilimia 7.6 ya watu wa kawaida wamewahi kukabwa angalau mara moja maishani. Kwa wanafunzi ilikuwa asilimia 28.3. Wanafunzi hukesha, hulala saa zisizo na mpango, na usingizi uliokatwakatwa ndio mlango mkubwa wa jambo hili. Mwaka 1992 watafiti wa Japani waliweza hata kulizusha maabarani, kwa kuwaamsha watu katikati ya usiku na kuwaacha walale tena.

Tazama basi maisha yetu. Mwezi wa Ramadhani mtu analala baada ya tarawehe na mazungumzo, anaamka kula daku, anaswali alfajiri, anarudi kitandani. Usingizi wa ndoto hujazana zaidi kuelekea asubuhi, kwa hiyo anayelala tena baada ya alfajiri huingia kwenye ndoto upesi, na mara nyingi huwa chali kwa sababu ya joto. Mvuvi anayefuata maji naye usiku wake umekatika vivyo hivyo, na mama mwenye mtoto mchanga usiseme.

Yule mama ana mtoto wa miezi minne.

Swali moja lingetosha kulijua hilo. Na ushauri ungekuwa wa kazi, si wa kubeza: lala ubavu, ukijikuta unageuka chali, shona fundo la kitambaa mgongoni mwa nguo ya kulalia, ukikabwa usipambane kuinuka mwili mzima, kazana na kidole kimoja cha mguu au cha mkono, ukivuta pumzi ndogo ndogo bila kuilazimisha. Kidole kikitikisika, kwa kawaida mwili wote hufunguka.

"Basi ni hilo tu?"

Hapa ndipo ninapotaka kwenda polepole, maana ni rahisi kulipata jibu hili zuri kisha nasi tukaanza kuwakatiza watu.

Kukabwa kifuani usiku si lazima kuwe usingizi. Kuanzia mwaka 1977 wakimbizi wa Kihmong waliohamia Marekani kutoka Laos, wanaume vijana wenye afya, walikuwa wakifa usingizini bila sababu kuonekana. Jamaa zao walisema ni pepo wa usiku, dab tsog, anayekalia kifua. Madaktari walipasua maiti wasione kitu. Mwaka 1992 ndugu wawili, Pedro na Josep Brugada, walieleza hitilafu ya umeme wa moyo ambayo baadaye ilihusishwa na vifo vya usiku vya aina hiyo huko Asia ya Kusini-Mashariki. Moyo unaonekana mzima ukipasuliwa. Hitilafu huonekana kwenye kipimo cha umeme wa moyo, tena si kila siku. Kwa hiyo anayesimulia kukabwa aulizwe pia: amewahi kuzimia? Kuna ndugu aliyekufa ghafla usingizini akiwa kijana?

Na chumbani kuna nini?

Nyumba zetu za mawe kuta zake ni nene na madirisha membamba. Wakati wa kusi kali, mvua ikipiga, madirisha hufungwa. Seredani ya makaa ikiachwa ndani ipashe chumba, au jenereta ikaunguruma kwenye ua wa ndani wa nyumba umeme ukikatika, hewa ya kaboni monoksidi hujaa pole pole. Haina harufu, haina rangi, na hung'ang'ania himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni. Mtu huanza na kichwa kuuma, kisha moyo kwenda mbio, kifua kubana, na wengine huona na kusikia visivyokuwepo. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha taarifa ya familia iliyosikia hatua za miguu na kuona watu wageni ndani ya nyumba usiku. Lilikuwa tanuri bovu lililokuwa likirudisha moshi vyumbani. Dalili ya kuitafuta ni hii: je, wote nyumbani waliamka na maumivu ya kichwa? Je, hupungua mkitoka nje? Ikiwa ndivyo, seredani itolewe usiku huo huo, maana hewa hiyo huua.

Mama wetu alikwenda kliniki akilalamikia kichwa pia. Hakuulizwa kuhusu makaa.

Pemba, 1995

Msomaji wa pwani hahitaji nimweleze Popobawa, yule pepo aliyesemekana kuwakaba watu usiku. Nataka kusema moja tu. Mwaka ule hofu iliposambaa Pemba na Unguja, familia zililala nje zimezunguka moto, watu wakikesha ili wasikabwe. Na Unguja mtu mgonjwa wa akili aliuawa na umati kwa kudhaniwa ndiye.

Baadaye waliandika wataalamu. Mmoja akasema ni jinamizi la usingizini, kwa kuwa dalili zinafanana: kushindwa kusogea, uzito, kiumbe chumbani. Wengine wakasema huwezi kuiacha siasa ya mwaka wa uchaguzi. Naona wote wameshika upande wao wa kweli. Usingizi unaeleza usiku wa mtu mmoja. Hauelezi kwa nini kisiwa kizima, kwa nini mwaka ule. Lakini hofu huzaa kukesha, kukesha hukata usingizi, na usingizi uliokatwa huzaa kukabwa, hata walioanza kwa kusikia tu wakajikuta wanashuhudia. Kama kungekuwa na mtu wa kuandika masimulizi ya mwanzo yakiwa bado mabichi, kabla hayajafanana, tungeujua mzunguko huo ulianzia wapi.

Kudharau simulizi hakukuizima hofu. Kuliiachia uwanja.

Kwa majirani zetu wa Kilifi

Kilifi kuna kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, mfuko wa Uingereza unaofadhili utafiti, kilichoanza mwaka 1989. Miongoni mwa kazi zake ni kifafa. Utafiti wao ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wenye kifafa katika eneo hilo hawakuwa wakipata dawa ipasavyo, na kwamba imani juu ya chanzo cha ugonjwa na kutegemea waganga ni katika mambo yanayochangia, pamoja na umbali na gharama. Watafiti hawakwenda vijijini kutangaza kwamba hakuna pepo. Walikaa na waganga, wakasikiliza wanavyoueleza ugonjwa. Ukishajua kwamba mzazi anamwona mtoto "amepandwa", unajua ni maswali gani ya kumuuliza: mtoto aling'ata ulimi? Alijikojolea? Ilichukua dakika ngapi? Baada yake alilala? Majibu ya maswali hayo yanatenganisha kifafa na mambo mengine bila kumvunjia mtu heshima ya imani yake.

Mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake walieleza ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo. Wengi wa wagonjwa wake ni wanawake vijana: wanapayuka, wanakunja mwili, wanaona watu, kisha wanapoteza fahamu. Wengi hupona wakitibiwa mapema. Kabla ya hapo walikuwa wakipelekwa wodi za wagonjwa wa akili au kupungwa pepo, duniani kote. Simulizi la jamaa zao lilikuwa sahihi katika kila kitu isipokuwa sababu.

Kwa sisi Waislamu kuwepo kwa majini si mjadala. Sayansi haina mizani ya kulipimia hilo, na sioni haja ya kuilazimisha. Inachoweza kufanya ni kumpima mtu aliyelala chali, hewa aliyoivuta, moyo wake, na saa aliyozinduka. Kuamini majini hakumzuii mtu kufungua dirisha.

Jibu jepesi la upande wetu

Kuna kisa ambacho wapenda sayansi hukipenda mno. Mwaka 1998 mhandisi Mwingereza, Vic Tandy, alichapisha habari za maabara aliyokuwa akifanya kazi. Usiku alihisi baridi na hofu, akaona kivuli cha kijivu pembeni mwa jicho. Kesho yake aliubana upanga wa mchezo wa vitara kwenye kishikio, ukaanza kutetemeka wenyewe. Akafuatilia hadi kwenye feni mpya ya kutolea hewa, iliyokuwa ikitoa mtetemo wa takriban 19 kwa sekunde, chini ya uwezo wa sikio. Feni ikarekebishwa, kivuli kikatoweka.

Nilikipenda kisa hiki. Ni kisafi, kina feni, kina upanga.

Lakini mwaka 2009 kundi la watafiti London lilitengeneza chumba kitupu cheupe, wakaficha mitambo ya mtetemo wa namna hiyo na ya sumaku, wakawaingiza watu 79 mmoja mmoja kwa dakika 50. Wengi walisimulia mambo: kizunguzungu, kuhisi kuna mtu. Ila walisimulia vile vile mitambo ikiwa imewashwa au imezimwa. Maelezo ambayo watafiti waliona yanafaa zaidi ni wepesi wa mtu kupokea dokezo; walikuwa wameambiwa mapema kwamba huenda wakahisi mambo yasiyo ya kawaida.

Hapo ndipo mawazo yangu yaligeuka. Kwa miaka mingi maelezo ya feni yalipita mikono kwa mikono bila kuulizwa, kwa sababu yalisikika ya kisayansi. Mganga aliyetaja kabila la jini kabla mgonjwa hajamaliza, na msomi anayetaja mtetemo kabla hajapima chumba, wamefanya jambo moja. Tofauti ni kwamba sayansi ina desturi ya mtu mwingine kuja kujenga chumba cheupe na kujaribu. Pale desturi hiyo isipofuatwa, tofauti haipo.

Bahari nyeupe

Mabaharia wa Bahari ya Hindi wamesimulia kwa vizazi: usiku hakuna mwezi, na bahari yote, toka upeo hadi upeo, imegeuka maziwa. Si zile cheche za kijani zinazoruka kasia likipiga maji. Hizo kila mtoto wa Shela, huku Lamu, anazijua. Hii inawaka yote kwa pamoja, haipepesi, na chombo kinaonekana kama kinaelea juu ya mawingu. Wasikilizaji wa nchi kavu walicheka.

Tarehe 25 Januari 1995, siku chache kabla ya Ramadhani, meli ya Uingereza iitwayo Lima ilikuwa maili 150 za baharini mashariki ya pwani ya Somalia. Saa tatu usiku kwa saa zetu walinzi waliona weupe kwenye upeo. Baada ya dakika 15 walikuwa ndani yake. Iliwachukua saa 6 kutoka upande wa pili. Nahodha aliandika kwenye kitabu cha meli: saa, mahali, hali ya anga, rangi, muda.

Miaka kumi baadaye Steven Miller na wenzake walichukua maandishi yale wakafungua kumbukumbu za setilaiti za hali ya hewa za jeshi la Marekani za usiku ule. Doa lilikuwepo. Hafifu, karibu lipotee kwenye kelele za picha, lakini kingo zake zililingana na pale meli ilipoingia na ilipotoka, na lilionekana usiku tatu mfululizo likisogea na mkondo. Ukubwa: kilomita za mraba 15,400, zaidi ya mara mbili ya kaunti nzima ya Lamu.

Fikiri. Picha zilikuwa zimekaa ghalani muda wote huo, hakuna aliyejua wapi pa kutazama. Ushahidi wa kimashine ulikuwepo, ukangoja ushahidi wa macho ya mtu.

Sababu yenyewe ni bakteria. Mwaka 1985 meli ya utafiti iliyokutana na weupe kama huo katika Bahari ya Arabu ilichota maji na kukuta *Vibrio harveyi* wameshikamana na mabaki ya mimea midogo. Tofauti na viumbe wa cheche, ambao huwaka wakiguswa, bakteria hawa huwaka mfululizo wakishakuwa wengi mahali pamoja. Kwa hiyo kuna jaribio la ndoo moja: chota maji, yakoroge. Yakiwaka zaidi, ni cheche za kawaida. Yakififia, umekutana na bahari ya maziwa. Mabaharia wa mashua moja waliopita kusini ya Java mwaka 2019 walichota ndoo, na yao ilififia ilipokorogwa.

Mwaka 1803 ilikuwa hivyo hivyo kwa mawe ya mbinguni. Wasomi walikuwa wakiwabeza wakulima waliodai mawe huanguka toka juu, hadi Jean-Baptiste Biot alipotumwa L'Aigle, Ufaransa, akawahoji wanakijiji mmoja mmoja, vijiji mbalimbali, akachora ramani. Mawe yalikuwa yameanguka ndani ya umbo la yai, na mashahidi wasiojuana walilingana.

Si kila simulizi litaishia kuwa bakteria au kimondo. Najua hilo. Najua pia kwamba nimechagua mifano iliyofaulu, na iliyofeli ni mingi zaidi.

Kuichukulia kwa uzito kuna gharama

Twende basi kwenye iliyofeli.

Mwaka 2011 Daryl Bem, mwanasaikolojia mwenye jina, alichapisha majaribio 9 yenye washiriki zaidi ya 1,000 akidai kwamba watu huhisi jambo kabla halijatokea. Katika moja, washiriki walikisia picha itatokea nyuma ya pazia lipi kati ya mawili, kabla kompyuta haijachagua. Kwa kubahatisha wangepata asilimia 50. Kwa picha za mahaba walipata 53.1.

Wengine walirudia majaribio hayo. Hawakupata kitu. Jarida lile lile lililochapisha madai ya kwanza lilikataa kuchapisha marudio, kwa kuwa halikuwa likichapisha marudio. Mwaka ule ule watafiti watatu wengine walionyesha ugonjwa ulipo: ukijiruhusu kuacha kukusanya takwimu pale panapokupendeza, kuchagua kipimo kati ya viwili, kutoa kundi moja na kubakiza lingine, uwezekano wa kupata jibu la uongo lenye sura ya kweli hupanda kutoka asilimia 5 hadi zaidi ya 60. Hakuna aliyedanganya. Kila hatua ilikuwa desturi ya kawaida.

Wengi husoma kisa hiki kama hoja ya kuyaacha mambo haya kabisa. Mimi nasoma kinyume. Kama mbinu zilezile zilizokubalika zinaweza kuthibitisha utabiri wa picha, basi zilikuwa zikithibitisha mengine mengi yasiyo kweli, na hakuna aliyeshtuka kwa kuwa hayo mengine hayakuwa ya ajabu. Mwaka 2015 tafiti 100 za saikolojia zilirudiwa. Asilimia 36 tu ndizo zilizotoa tena matokeo ya kuaminika. Na dawa ya ugonjwa huo, yaani kusajili mpango wa utafiti kabla ya kuanza, ilikwisha kutumiwa na jarida dogo la Ulaya la mambo haya haya ya ajabu tangu mwaka 1976, chini ya Martin Johnson. Waliokuwa wakichekwa walilazimika kuwa makini mapema.

Mfano wa pili ni wa waliokaribia kufa. Mwaka 2014 Sam Parnia na wenzake walitoa matokeo ya hospitali 15 za Uingereza, Marekani na Austria. Baadhi ya watu walionusurika moyo uliposimama husema walijiona toka juu, karibu na dari. Vizuri: watafiti wakapachika rafu karibu na dari, juu yake wakaweka picha zinazoonekana na aliye juu tu. Jaribio ambalo dai linaweza kushinda, na linaweza kushindwa. Matukio 2,060 yakaandikwa. Waliohojiwa walikuwa 140, waliokamilisha mahojiano yote 101. Wawili tu walieleza kuona na kusikia yaliyotendeka chumbani.

Na wote wawili moyo ulisimamia kwenye vyumba visivyo na rafu. Asilimia 78 ya matukio yote yalitokea pasipo na rafu, maana wagonjwa hawachagui kitanda cha kufia.

Miaka ya kazi, na swali limebaki wazi, si kwa fumbo lolote bali kwa mbao kukosekana ukutani. Wanaosema "sayansi imekataa" na wanaosema "sayansi imethibitisha" kuhusu utafiti huo wote wanakosea.

Namna ya kuandika

Simulizi linaloweza kusaidia baadaye lina sura yake. Liandikwe siku ile ile, kabla mhusika hajazungumza na waliokuwepo wengine, maana watu wawili wakishasimuliana kumbukumbu zao huwa moja na huwezi tena kuzitenganisha. Mwache aseme mwanzo hadi mwisho bila swali. Ndipo uulize, na swali lisibebe jibu: "alikuwaje?" na si "alikuwa mweusi?" Maneno yake yaandikwe kama alivyoyatamka. Kama amesema "mtu", usiandike "jini", wala usiandike "njozi".

Kisha mambo ya kupimika. Saa. Tarehe ya mwezi mwandamo, ambayo kwetu kila mzee anayo mdomoni, na inakuambia kulikuwa na mbalamwezi kiasi gani na kama maji yalikuwa bamvua au mafu. Kaskazi au kusi. Amelala chali au ubavu, tangu saa ngapi, amekatika usingizi mara ngapi. Makaa, chetezo, jenereta. Dawa anazotumia, zikiwemo za malaria, kwani mefloquine inajulikana kuleta ndoto mbaya na maono. Nani mwingine alikuwepo na hakuona kitu. Huyu husahaulika sana, na ushahidi wake ni sawa na wa aliyeona.

Mwisho kabisa, kwenye ukurasa mwingine, maelezo ya mhusika mwenyewe: anadhani ni nini. Yawekwe, yasichanganywe na yaliyotangulia.

Hakuna chombo hapo. Daftari, kalamu, na subira ya dakika ishirini.

Ndoto za kifo

Aina moja ya simulizi inahitaji daftari kuliko zote, nayo ndiyo inayoniletea mashaka zaidi: mtu kaota mjomba wake amekufa, asubuhi simu ikalia.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti ya Lamu. Tuseme watu wazima ni 70,000, na kila mmoja huota kifo cha jamaa fulani mara moja tu kwa miaka kumi. Hizo ni ndoto 7,000 kwa mwaka, kama 19 kila usiku unaokucha. Jamaa zetu nao wanakufa, wazee hasa, na wagonjwa, ambao ndio hao hao tunaowawaza na kuwaota. Baadhi ya ndoto zitagongana na simu bila kuwepo uhusiano wowote. Aliyeota na simu ikalia atasimulia maisha yake yote. Walioota wakamkuta mjomba anakunywa chai walisahau kabla ya adhuhuri.

Hesabu hii haithibitishi kwamba hakuna ndoto ya kweli. Inaonyesha kwamba kwa masimulizi ya baada ya tukio pekee hatuwezi kamwe kuitofautisha na bahati. Njia ni kuitangulia habari. Ukiota, itume kwa WhatsApp kwa mtu mmoja unayemwamini kabla hujapiga simu nyumbani: nani, nini, lini, kwa maneno ambayo kesho hayatavutwa kuelekea kokote. Saa ya ujumbe itakuwa shahidi. Ndoto zisizotimia zitumwe vile vile, zote, hata zile unazoona aibu kuzituma, na apokeaye asifute hata moja. Ikiwa watu mia wa mtaa mmoja watafanya hivyo kwa mwaka, kutakuwa na orodha inayoweza kuhesabiwa: ngapi zilitaja jina, ngapi zikalingana ndani ya siku saba, na ngapi zingetarajiwa kulingana kwa umri na afya ya waliotajwa. Idadi hiyo ya mwisho ipigwe na mtu asiyejua nani ameota nini, na ipigwe kabla orodha haijafunguliwa.